Baridi ya Kabale na Taa ya Manjano

Msafiri atokaye Kampala kwa barabara ya kusini-magharibi, akapita Masaka na Mbarara, hana budi kuchukua koti hata kama jua la Kampala linamcheka. Safari yenyewe ni ya kilomita 400 na ushei, na karibu muda wote barabara inapanda bila ya kujionyesha kwamba inapanda. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbarara imepita mita 1,400. Kabale inakaribia mita 2,000. Tofauti hiyo mwili wa mtu huitambua usiku, blanketi moja linapokuwa halitoshi. Magurudumu ya gari nayo huitambua, na habari zake ndizo ninazotaka kuwasimulia wasomaji leo, kwa kuwa najua ya kwamba wengi wetu tupewapo likizo hupakia mke, watoto na magunia ndani ya gari moja na kushika njia hiyo, au nyingine yoyote iendayo milimani.

Tuliondoka Kampala alfajiri moja ya mwezi wa Julai, mwaka 2023. Tulikuwa watu saba: shemeji yangu, ambaye ni sajini mstaafu, dada yangu, mkewe, watoto wao watatu, mama mzazi wa shemeji, na mimi. Gari lilikuwa la shemeji, la viti saba, lililoletwa kutoka Uingereza likiwa limekwisha kutumika huko miaka kadhaa. Tulikuwa tunakwenda Kisoro kwenye arusi ya jamaa, na tulikubaliana kulala Kabale siku mbili ili bibi apumzishe miguu, nasi wengine tupate kuliona ziwa la Bunyonyi.

Huko Kayabwe tulisimama penye mstari wa ikweta, kama wasimamavyo wote, watoto wakapigwa picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Vijana wa pale waliwaonyesha maji yanavyozunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili. Sikutaka kuwaharibia watoto furaha yao, lakini siri ya mzunguko ule imo katika mkono wa amiminaye maji, si katika ikweta. Lukaya tulinunua nyama za kuchoma kwenye vijiti. Mbele ya Lyantonde tuliwaona punda milia wakila majani pamoja na ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu kama matawi ya mti, na bibi akasema kuwa ng'ombe hao peke yao wamelipa gharama ya safari.

Tuliingia Mbarara jua likiwa la utosi. Katika kituo kimoja cha mafuta, kijana mwenye adabu nyingi alijitolea kutupimia upepo wa magurudumu. Akapima na kukuta matairi yote yana paundi 38, au pungufu kidogo, kwa kila inchi ya mraba. Kibandiko kilichomo mlangoni mwa dereva kinaagiza paundi 33 kwa gari lisilo na mzigo. Kijana akatikisa kichwa, akatuambia kwamba tumezidisha na kwamba tairi linaweza kupasuka, kisha akafungua valvu moja baada ya nyingine, upepo ukatoka kwa mluzi hadi geji iliposoma 33. Shemeji akamtunuku fedha ya soda, nasi tukaondoka tukijiona watu waangalifu sana. Namwomba msomaji aikumbuke soda hiyo, maana tutairudia.

Baada ya Ntungamo nchi inabadilika. Milima ya Kigezi inaanza kuwabana wasafiri pande zote mbili, nayo imelimwa kwa matuta tangu miguuni hadi kileleni, kipande cha viazi mviringo hapa, kipande cha mtama kule, kama nguo yenye viraka vya rangi kumi. Mabondeni ni matete na maji, na jioni ukungu hupanda kutoka huko kama moshi wa jiko la kuni. Kabale yenyewe imelala ndani ya bonde la namna hiyo. Tulipofika saa moja ya usiku watu walikuwa wamevaa makoti mazito, na askari wa zamu katika nyumba ya wageni alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na kukaa karibu na sigiri. Mwezi wa Julai ni wa kiangazi huko. Mbingu huwa safi usiku, na joto lote la mchana hupotea angani. Kufika alfajiri huwa zimebaki nyuzi kama 10 za Selsiasi.

Asubuhi shemeji alipowasha gari, pale mbele yake ikawaka taa ndogo ya manjano yenye umbo la kiatu cha farasi, na ndani yake alama ya mshangao. Wenye magari ya miaka ya karibuni wanaijua. Ni taa ya upepo wa magurudumu.

“Shemeji,” nikamwambia, “tairi moja halina upepo wa kutosha.”

“Hapana, shemeji,” akanijibu. “Hiyo ni baridi ya Kabale. Likitoka jua utaiona inazimika yenyewe.”

Alizunguka gari mara moja, akalipiga kila tairi teke moja la kijeshi, akaridhika. Tukaenda Bunyonyi. Na kweli, hatukuwa tumefika mbali taa ikazimika! Shemeji hakusema neno, ila alinitazama kupitia kioo kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi. Siku nzima tulikaa kandokando ya ziwa lile lenye visiwa vingi. Watoto walipanda mtumbwi, na mwenye mtumbwi akatuonyesha kisiwa cha Bwama, ambako katika miaka ya 1930 wamisionari walianzisha makao ya kuwatibu wagonjwa wa ukoma. Jioni tulirudi salama. Njiani tulinunua gunia zima la viazi na kabichi tano, kwa sababu bei ya huko humfanya mtu wa Kampala asahau kwamba gari lina mwisho wa kubeba.

Kesho yake alfajiri, siku ya kwenda Kisoro, taa ikawaka tena.

Hapa sina budi kuueleza ubishi wetu, maana ndio ubishi unaofanyika katika magari mengi. Shemeji hakuwa mtu asiyejua kitu. Alikuwa na haki katika nusu ya jambo. Hewa ikipoa hujikunja, na hewa iliyofungwa ndani ya tairi ikijikunja, msukumo wake hupungua. Kwa magari madogo, kila joto lishukapo kwa nyuzi 10 za Selsiasi, tairi hupoteza kiasi cha paundi moja na nusu hadi mbili. Basi tuseme ya kwamba tairi limejazwa sawasawa Kampala, mchana wa nyuzi 28, likalala Kabale kwenye nyuzi 10 au 11. Baridi italinyang'anya paundi mbili na nusu, pengine tatu. Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi hatulifikirii: geji hupima tofauti iliyopo baina ya hewa ya ndani na hewa ya nje, na kadiri unavyopanda mlima hewa ya nje huwa nyepesi. Kule kupanda kutoka Kampala hadi Kabale humrudishia msafiri kama paundi moja. Hesabu ikimalizika, baridi ya Kabale peke yake haikuondolei hata paundi mbili kamili.

Sasa tuiulize taa: wewe huwaka lini? Katika magari yaliyotengenezwa kwa sheria ya Marekani, ni lazima iwake upepo ukipungua kwa robo ya ule ulioagizwa. Katika yale ya Ulaya ni kwa sehemu moja kati ya tano. Kwa tairi la paundi 33, taa itawaka likiwa limeshuka hadi 26 hivi, au chini ya hapo. Kutoka 33 hadi 26 ni paundi saba. Baridi imechukua mbili. Zile tano nyingine nani amezichukua?

Hilo ndilo swali nililomwuliza shemeji, nikiwa nimesimama katika ukungu, meno yakigongana. Alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba arusi ni saa nne na hatuna geji.

Dereva mmoja wa matatu aliyelala nyumba ile ile alikuwa nayo, geji ya umbo la kalamu, akatuazima bila ya kutuuliza mengi. Gari lilikuwa limelala usiku mzima, tairi zimepoa kabisa, na hiyo ndiyo saa ya kupima. Ukisubiri hadi ukaendesha, umekwisha kujidanganya. Gurudumu la mbele kulia, paundi 28. La mbele kushoto, 28. La nyuma kushoto, 28. La nyuma kulia, ambalo lilikuwa limebeba gunia la viazi upande wake na bibi juu yake, lilikuwa na paundi 20.

Dada yangu alikuwa anasuuza nguo za mtoto karibu na bomba. Alikuja na bakuli lake la maji ya sabuni, akayamwagia tairi lile polepole, kwanza kwenye valvu, kisha pembeni ya ringi, kisha juu ya kashata za tairi, huku tukilisukuma gari mbele kidogo kidogo. Katika mzunguko wa pili tukaona mapovu madogo yakichemka mahali pamoja. Hapo palikuwa na kichwa cha msumari kilichosagika hadi kung'aa, hakionekani kwa macho ila kwa kuonyeshwa. Msumari ulikuwa umeziba tundu lake wenyewe, na upepo ulikuwa ukitoka kidogo kidogo tu, paundi chache kwa siku.

Basi mashtaka yakawa matatu. Kwanza msumari. Pili baridi. Tatu, na hili ndilo lililomwuma shemeji zaidi, ile soda ya Mbarara. Tairi lililotembea saa nne katika lami ya moto hupata joto, na upepo wake hupanda paundi nne, tano au hata zaidi. Kiwango kilichoandikwa mlangoni ni cha tairi lililopoa. Matairi yetu yalipoondoka Kampala yalikuwa sahihi, 33, na zile 38 zilizopimwa Mbarara zilikuwa ndizo 33 zenyewe zilizopata moto. Kijana alipoziondoa paundi tano alitupunja upepo wa haki, na yalipopoa Kabale yakabaki na 28. Tairi zima likiwa na 28, taa inanyamaza. Tairi lenye msumari likianzia kwenye 28 hiyo hiyo, halina safari ndefu ya kufika chini. Siwezi kumlaumu kijana yule. Alifanya kwa nia njema, na sisi wazee tulisimama pale tukimtazama.

Na kwa nini taa ilizimika tulipokuwa njiani kwenda ziwani? Kwa sababu ile ile. Tairi lililokuwa na paundi 23 asubuhi lilipata joto la mwendo na la jua, likapanda hadi 26 au 27, likavuka mpaka wa taa, taa ikazimika. Msumari ulikuwa bado umo. Kuzimika kule ndiko kulikotutia usingizi.

Nimesema kwamba kulikuwa na bibi na watoto ndani ya gari, na gunia la viazi. Njia ya kwenda Kisoro, kiasi cha kilomita 80, hupanda kupita mita 2,400, hukatiza msitu wa Echuya wenye mianzi, kisha huteremka kwa mizunguko mingi, upande mmoja mlima, upande mwingine hakuna kitu. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huinama ubavuni kila linapozunguka. Kuinama huko huzaa joto, na joto hulegeza nyuzi zilizoshikamana ndani ya mpira, mpaka linapasuka, na mara nyingi hupasuka mzigo ukiwa mkubwa na mwendo ukiwa wa kasi. Hayo si ya kubuni. Marekani walipitisha sheria ya jambo hili mwaka 2000, baada ya matairi ya Firestone yaliyofungwa katika magari ya Ford Explorer kuchanika barabarani na watu zaidi ya 200 kupoteza maisha. Sheria hiyo ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji kuitia taa hii katika magari mapya yote madogo ya huko kufikia mwaka wa mfano 2008. Ulaya ilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya linalouzwa huko linayo. Taa yenyewe, basi, ilizaliwa na misiba, na wale wanaoifunika kwa kipande cha plasta nyeusi, kama alivyofanya jirani yangu mmoja Kampala, wanafaa kulijua hilo.

Jirani huyo, niseme kwa haki yake, alikuwa na sababu. Taa ya gari lake hupepesa kwanza kwa dakika moja hivi, kisha ndipo inapobaki imewaka. Kupepesa huko ni lugha nyingine. Maana yake ni kwamba chombo chenyewe cha kupimia kina hitilafu, wala si kwamba tairi limepungukiwa. Ndani ya kila gurudumu la magari ya aina hiyo kuna kihisi kidogo kilichounganishwa na valvu, chenye betri yake, na betri hiyo huishi miaka mitano hadi kumi hivi. Gari kuukuu liletwapo kwetu mara nyingi vihisi vyake vimezeeka au vimekwisha kufa. Wakati mwingine fundi pancha hukivunja kimoja anapolivua tairi kwa chuma bila ya kujua kwamba kimo. Inafaa kumwambia mapema. Mwenye gari la namna hiyo asiyeweza kununua kihisi kipya anaweza kuishi bila taa, kama baba zetu walivyoishi, mradi awe na geji na aitumie.

Yako pia magari yasiyo na kihisi chochote ndani ya tairi. Hayo huhesabu mizunguko ya magurudumu kwa kutumia vyombo vya breki. Gurudumu lililopungukiwa upepo huwa fupi kidogo, hivyo huzunguka mara nyingi kuliko wenzake, na gari likagundua. Kwa magari hayo neno la “ni baridi tu” ni baya zaidi, kwa kuwa baridi huyapunguza magurudumu yote manne kwa kipimo kimoja, na mengi ya magari hayo hayatambui tofauti. Likisema, yamkini gurudumu moja limeachana na mengine. Nayo yana kitufe cha kuyafundisha upya baada ya kujaza upepo. Anayebonyeza kitufe hicho ili taa ipotee, kabla ya kupima, amelifundisha gari kuukubali ugonjwa kuwa ni afya.

Ndugu zetu wanaoishi Canada au kaskazini ya Marekani wana shida kubwa kuliko yetu. Huko joto linaweza kushuka nyuzi 30 au 35 baina ya vuli na majira ya baridi, na baridi ya namna hiyo huondoa paundi tano au sita. Ukijumlisha na ile paundi moja au zaidi ambayo tairi zima kabisa huipoteza kila mwezi kwa kupenyeza katika mpira, taa za mtaa mzima huwaka asubuhi moja. Huko mtu anaposema kuwa ni baridi, huenda anasema kweli. Lakini hata huyo dawa yake ni kuongeza upepo hadi kiwango cha mlangoni, tairi likiwa limepoa. Asingoje jua.

Fundi pancha wa Kabale alikuja na mfuko wake kabla ya saa mbili. Aliung'oa msumari, akapanua tundu, akasokomeza kamba ya mpira yenye gundi, akakata iliyobaki, akatema mate juu yake kutazama kama linapumua. Halikupumua. Kisha tukajaza matairi yote manne, safari hii kwa kufuata safu ya pili ya kibandiko, ile ya gari lililojaa watu na mizigo, ambayo hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ameisoma: paundi 36 mbele na 39 nyuma. Tairi la spea, ambalo hakuna taa inayolichunga katika gari letu, lilikutwa na paundi 15. Nalo likajazwa.

Tuliondoka tukiwa tumechelewa. Juu ya pengo la Kanaba ukungu ulifunguka ghafla, tukauona mlima Muhabura, mita 4,127, umesimama peke yake mbele yetu, na chini yake Kisoro yote imetandazwa. Bibi akaomba tusimame. Shemeji alishuka, akaenda moja kwa moja nyuma kulia, akaweka kiganja juu ya tairi kuangalia kama lina moto kuliko wenzake, kisha ndipo alipoutazama mlima.

Siku nne baadaye, tuliporudi kupitia Mbarara, yule kijana mwenye adabu alitukimbilia tena na geji yake. Alipima nyuma kulia, akatikisa kichwa, akasema ya kuwa tumezidisha sana. Alikuwa amekwisha inama kuifungua valvu.

“Liache hivyo hivyo, kijana,” shemeji akamwambia, akampa fedha ya soda.